Kanisa, Masomo, Gereza: Matumizi ya Nyumba za Sala na Kumbukumbu ya Maneno katika Eneo la Kisangani

Utangulizi

Mtafiti anayetaka kuandika historia ya nyumba za sala katika vijiji vilivyo kando ya Mto Kongo, chini ya Maporomoko ya Boyoma, hukabiliwa na tatizo moja la msingi: mengi ya majengo hayo hayapo tena. Makanisa ya kwanza ya vijijini yalijengwa kwa miti, udongo na majani. Mvua na mchwa viliyala, yakajengwa upya mahali pale pale au hatua chache kando, na mara nyingine yakaachwa kijiji kilipohamishiwa kwenye barabara. Yaliyosalia hadi leo ni majengo ya matofali ya makao makuu ya misheni, na hayo ndiyo yanayopigwa picha na kuandikwa vitabuni. Kwa njia hiyo historia ya sehemu ndogo huchukuliwa kuwa historia ya eneo zima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba palipokosekana kuta, maneno yanaweza kutoa ushahidi. Jengo hubadilishwa matumizi, na matumizi hayo hupewa majina na wale wanaolitumia. Jengo likianguka, jina hubaki katika vinywa vya watu. Hoja itakayotetewa ni kwamba historia ya nyumba ya sala ya kijijini haiwezi kueleweka kwa kuuliza tu ilijengwa lini na nani; yapasa kuulizwa pia palifanyika nini ndani yake, na tendo hilo liliitwaje. Ili kuipima hoja hii, mifano ya Kisangani italinganishwa na mfano mmoja wa pwani, ambako kanisa lilipoteza kazi yake, na neno lake likapata maana nyingine kabisa.

Neno lililotangulia jengo

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kilifika kwenye maporomoko kabla ya kanisa. Kituo cha Stanley Falls kilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wake kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Wangwana waliofuatana na misafara ya biashara ya pembe na watumwa ndio walioieneza lugha hii katika bonde la Lualaba hadi mahali mto unapogeukia magharibi. Utawala wao ulivunjwa na majeshi ya Dola Huru katika vita vya 1892 hadi 1894, lakini lugha yao haikuondoka.

Kwa hiyo wamisionari walipoanza kazi walikuta msamiati wa ibada ulio tayari. Neno kanisa lina asili ya Kiarabu. Vivyo hivyo sala, kitabu na mwalimu. Maneno hayo yalizoeleka kwanza katika lugha ya watu waliokuwa Waislamu au walioishi chini yao. Ibada mpya ikavaa mavazi ya lugha iliyotangulia. Hali hii inaeleza kwa nini hadi leo, katika Kiswahili cha Kongo, swali “Unasali wapi?” haliulizi mtu yuko mahali gani wakati wa sala. Linauliza yeye ni wa jumuiya ipi. Tendo la kusali limekuwa alama ya uanachama, na nyumba inayotumika kwa tendo hilo imekuwa alama ya pili tu.

Jengo moja, kazi nyingi

Misheni mbili zilianzishwa karibu na maporomoko katika muda wa miaka michache. Ya kwanza ni Yakusu, iliyo katika nchi ya Walokele, chini ya mto kutoka Kisangani. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1890 na Jumuiya ya Misheni ya Kibatisti ya Uingereza, ambayo mjumbe wake George Grenfell alikuwa amefika kwenye maporomoko kwa meli yake, Peace, mwishoni mwa mwaka 1884. Ya pili ni Saint-Gabriel, iliyoanzishwa na Padri Gabriel Grison wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, aliyewasili eneo hilo wakati wa Noeli ya mwaka 1897. Kutokana na kazi ya Grison, eneo hilo lilifanywa kuwa prefektura ya kitume mwaka 1904 na vikarieti mwaka 1908.

Misheni hizi zilitofautiana kwa madhehebu, kwa lugha na kwa uhusiano wao na serikali. Hata hivyo, zilikuwa na jambo moja la pamoja. Kila moja ilitegemea nyumba ndogo za vijijini zilizosimamiwa na mwenyeji aliyefunzwa kidogo, na kila nyumba ilifanya kazi zaidi ya moja. Jumapili palisaliwa, siku nyingine watoto na watu wazima walijifunza herufi, hesabu na nyimbo mahali hapo hapo. Katika vijiji vingi hapakuwa na haja wala uwezo wa kujenga nyumba mbili.

Msimamizi wa nyumba hiyo katika misheni nyingi za Kongo na Afrika ya Mashariki aliitwa mwalimu. Jina hilo moja lilijumlisha kazi ambazo lugha za Ulaya ziliziweka mbalimbali: kufundisha dini, kufundisha kusoma, kuongoza sala, kuandika majina ya waliozaliwa na waliokufa. Anayesoma barua na taarifa za wamisionari huona vyeo hivyo vikitenganishwa. Anayesikiliza lugha ya kijiji husikia neno moja tu. Tofauti hiyo si upungufu wa msamiati. Ni maelezo sahihi ya jinsi nyumba ile ilivyotumika.

Ushahidi wa pili ni neno masomo. Katika Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya, masomo ni yale yanayosomwa. Mahali pa kujifunzia ni shule au skuli. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, masomo ni pia jina la mahali: mtoto huenda “ku masomo”. Neno hili limeundwa kutokana na tendo na halikutokana na jengo. Jina la namna hiyo hufaa sana pale ambapo jengo halina sura ya peke yake, yaani pale ambapo nyumba ile ile ni kanisa leo na darasa kesho. Wasemaji wa Lingala mjini Kisangani hutumia kelasi, neno lililotoka Kifaransa, ambalo linaonyesha tabaka nyingine ya historia: darasa kama chumba maalumu, chenye madawati, ngazi na cheti. Aidha, uhusiano wa kusoma na kusali haukuwa wa Kongo peke yake. Katika Buganda ya karne ya 19 walioingia dini mpya waliitwa “wasomaji”, na Wakatoliki wengi wa Afrika ya Mashariki bado husema kwamba padri “anasoma misa”.

Jambo la tatu ni mwito wa kwenda kanisani. Kengele ya shaba ilikuwa kitu cha makao makuu. Vijijini ilitumika ngoma kubwa ya gogo, iliyochimbwa ndani na kuachwa na midomo miwili yenye sauti tofauti, moja ya juu na moja ya chini. Kilokele ni lugha ya toni, na ngoma hufuata toni za maneno; kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hutumia mafungu marefu ya maneno ili maana isipotee. Mfumo huo ulielezwa na John Carrington, mmisionari na mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Yakusu na baadaye akafundisha katika chuo kikuu mjini Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma zisemazo kilitoka mwaka 1949. Ngoma iliyotangaza kifo, kuwasili kwa mgeni na safari ya uvuvi ndiyo hiyo hiyo iliyoita watu kwenye sala na masomo. Nyumba mpya iliingizwa katika mpangilio wa zamani wa habari za kijiji.

Huko Yakusu iliongezeka kazi ya nne. Daktari Clement Chesterman aliwasili mwaka 1920, hospitali ikajengwa, na mapambano dhidi ya malale yakapelekwa vijijini kwa njia ya wauguzi wenyeji waliofunzwa hapo na kupewa zahanati ndogo za kuendesha. Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936, aliendeleza kazi hiyo hasa katika tiba ya ukoma. Ili kumfunza muuguzi ilihitajika kwanza mtu ajuaye kusoma, na mtu huyo alitoka katika nyumba ya sala ya kijijini. Kwa maana hiyo zahanati ni tawi lililochipuka katika shina la masomo.

Sheria ndani ya nyumba ya sala

Ingekuwa makosa kudhani kwamba matumizi hayo yalitokana na nia ya wamisionari na mahitaji ya wanakijiji peke yake. Sheria nayo ilikuwa na sehemu yake. Mkataba uliotiwa saini tarehe 26 Mei 1906 baina ya Vatikano na Dola Huru ya Kongo uliahidi kuzipa misheni za Kikatoliki ardhi ya hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, kwa sharti kwamba kila kituo kianzishe shule itakayofundisha pia kilimo na kazi za mikono, chini ya uangalizi wa serikali. Tangu hapo darasa lililopakana na kanisa lilikuwa wajibu unaoambatana na haki ya kumiliki ardhi.

Kabla ya hapo, amri za mwaka 1890 na 1892 ziliiwezesha serikali kuwaweka chini ya ulezi wa misheni watoto walioachwa au waliotolewa utumwani. Wapo waliopata humo elimu na ulinzi. Lakini ni lazima ikubaliwe kwamba kwa watoto wa namna hiyo nyumba ya sala ilikuwa sehemu ya mahali ambapo hawakupachagua na ambapo hawakuwa huru kuondoka. Historia inayotaja sala na masomo na kunyamaza juu ya ulezi huo ni historia pungufu.

Mabadiliko yaliyofuata yalihusu fedha. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ililipa ruzuku kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani hasa za Wakatoliki wa Ubelgiji. Shule za Waprotestanti zilingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo zikaanza kupata haki hiyo. Ruzuku ilidai vyumba vya kipimo fulani, walimu wenye vyeti, na ukaguzi. Polepole darasa likatoka katika nyumba ya sala na kupata jengo lake. Mwalimu wa zamani naye akagawanyika: mmoja akawa mwalimu wa shule anayelipwa mshahara, mwingine akabaki katekista au mwinjilisti anayeishi kwa shamba lake.

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitaifisha shule zote za makanisa. Mwaka 1977, kwa mapatano ya tarehe 26 Februari, usimamizi wake ulirudishwa kwa makanisa yaliyotambuliwa, serikali ikibaki na wajibu wa mishahara na mitaala. Katika muda wa miaka miwili na ushei, jengo lile lile katika uwanja ule ule lilikuwa mali ya misheni, kisha shule ya serikali, kisha shule yenye mapatano. Wanafunzi wake waliendelea kusema kwamba wanakwenda masomo. Sheria ilibadili mmiliki mara mbili. Lugha haikuona sababu ya kubadili jina.

Mfano wa pwani: kutoka kanisa hadi gereza

Ili kuona uzito wa jambo hili, ni vyema kutazama mahali ambapo neno halikubaki. Mwanafunzi wa Kisangani aliyezoea boloko kwa maana ya kifungo hukuta katika vitabu vya Kiswahili sanifu neno gereza. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba neno hilo limetokana na igreja la Kireno, maana yake kanisa. Mabadiliko ya sauti yanaeleweka kwa urahisi: irabu ya mwanzo imeanguka, konsonanti mbili zilizoungana zimetenganishwa kwa irabu, na sauti ya Kireno isiyokuwapo katika Kiswahili imekuwa z. Neno likaingizwa katika ngeli ya ji na ma, ndiyo maana wingi wake ni magereza. Kinachohitaji maelezo ni maana.

Maelezo hayo yamo katika majengo. Wareno waliokaa pwani tangu karne ya 16 walijenga makanisa ndani au karibu ya ngome zao. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa la askari katika uwanja wake. Huko Unguja Wareno walijenga kanisa mwanzoni mwa karne ya 17. Baada ya kufukuzwa kwao, Waomani walijenga ngome mahali hapo, na mabaki ya kanisa yakaingia katika kuta za ile inayoitwa leo Ngome Kongwe. Mombasa ilitekwa na Waomani mwezi Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu.

Kwa wenyeji waliokuwa nje ya kuta, igreja halikuwa jina la tendo walilolifanya. Lilikuwa jina la mahali walipopaona kwa mbali: ukuta, mizinga na mlango uliofungwa. Kwa hiyo neno lilishika maana ya ngome. Maana hiyo ya kati haikupotea kabisa, kwani boma la kale la Kilwa Kisiwani bado huitwa Gereza. Baadaye watawala wakatumia ngome kufungia watu. Ngome ya Unguja ilitumika hivyo katika karne ya 19, na Ngome ya Yesu ilikuwa jela ya serikali ya Kiingereza tangu 1895 hadi 1958, kabla ya kufanywa makumbusho. Hapo neno likakamilisha safari yake.

Ulinganisho huu unaonyesha tofauti ya msingi. Gereza ni jina lililotolewa na watu wa nje ya jengo. Masomo, kusali na mwalimu ni majina yaliyotumiwa na watu wa ndani. Makanisa ya Wareno yalikuwa ya mawe, na baadhi ya mawe yake yangalipo. Hata hivyo, kumbukumbu ya sala iliyofanyika humo imefutika katika neno kiasi kwamba msemaji wa kawaida hashuku asili yake. Nyumba za majani za vijiji vya Walokele zimeoza, lakini kazi zake zote bado zinasomeka katika lugha ya kila siku. Uimara wa kuta na uimara wa kumbukumbu ni vitu viwili tofauti.

Majengo na vita

Hoja hiyo isichukuliwe kuwa sababu ya kupuuza majengo. Eneo la Kisangani limekwisha kuona jinsi yanavyoweza kupotea pamoja na watu wake. Waasi wa Simba waliuteka mji tarehe 5 Agosti 1964, na katika miezi iliyofuata mapadri na mabruda 28 wa shirika la Grison waliuawa katika sehemu mbalimbali za eneo hilo, miongoni mwao Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Raia Wakongomani wasiohesabika waliuawa pia, na wengi wao hawakuandikwa katika daftari lolote.

Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa silaha nzito. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika mwaka huo huo ulihesabu zaidi ya raia 760 waliouawa na takriban 1,700 waliojeruhiwa. Zaidi ya nyumba 4,000 ziliharibiwa, shule 69 zilipigwa na makombora, na watu wapatao 65,000 walikimbilia misitu ya jirani. Kanisa kuu la mji nalo lilipata hasara. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya mwaka 1998 hadi 2003, yakiwamo ya Kisangani. Katika hesabu ya mwaka 2000 shule na kanisa ziliwekwa katika mafungu mbalimbali. Kwa mtazamo wa historia iliyoelezwa hapa, ni watoto wa nyumba moja.

Hitimisho

Zipo njia mbalimbali za kuhifadhi nyumba ya sala iliyozeeka. Huko Rabai, karibu na Mombasa, ambako Krapf na Rebmann walianza makazi mwaka 1846, jengo la kanisa la kwanza lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa mwaka 1887 likabaki nyumba ya ibada. Njia hiyo ni njema, lakini inahitaji kuta zilizosimama. Katika vijiji vingi vya chini ya Boyoma, hicho ndicho kitu kisichokuwapo.

Kinachowezekana ni kuandika maneno. Wazee waliosoma katika nyumba zilizokuwa kanisa na darasa kwa pamoja, kabla ya majengo hayo kutenganishwa, ni wachache na wanapungua kila mwaka. Wanajua ngoma ilisema nini asubuhi ya Jumapili na ilisema nini asubuhi ya Jumatatu; wanajua nani aliitwa mwalimu, na alilipwa kwa nini; wanajua jina la mahali palipoachwa. Kazi ya kuyakusanya hayo haihitaji vyombo vya gharama. Inahitaji wanafunzi wanaojua Kiswahili, Lingala na Kilokele, daftari, na mtumbwi wa kuwafikisha. Idara za lugha na za historia mjini Kisangani zina wanafunzi hao. Swali la kuanzia lisiwe “Kanisa hili lilijengwa mwaka gani?” bali “Hapa mlifanya nini, na mlipaitaje?”